Chembe za Sumaku Nilizomwahidi Mama

Ningemfananishia mama yangu matibabu yale na kitu kingine chochote, pasi ya mkaa, jua la saa saba, hata kikombe cha chai, pengine angekubali siku ileile na mimi leo nisingekuwa na la kuandika. Nikachagua shimo la ndizi la baba mkubwa.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka. Nilikuwa kidato cha tatu Bukoba mjini, nikiishi kwa mama mdogo pale Bilele, na likizo zikifika hutumwa nyumbani Ijumbi, Muleba, kumsaidia mama kibanjani, kwenye shamba la migomba. Kusaidia ni neno la mama mdogo. Mama mwenyewe husema nimekuja kula.

Jumapili moja baada ya ibada, wauguzi walikuja kanisani kwetu kupima wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Walipewa chumba cha shule ya Jumapili, wakaziba madirisha kwa vitenge, na umoja wa wanawake wakapanga foleni wakiwa bado na sare za kwaya. Kipimo chenyewe ni siki. Muuguzi anapaka siki mle ndani, anasubiri kidogo, anaangalia kwa taa. Pakibaki na rangi yake, nenda nyumbani ukapike. Pakigeuka peupe, kaa pembeni tuongee. Niliposikia habari ya siki nikauliza kama wanaweka na vitunguu. Mama alinikanyaga mguu mbele ya mama mchungaji.

Mama aliambiwa akae pembeni.

Sikujua hilo mpaka siku ya tatu. Nilikuwa natafuta biskuti kabatini, nikakuta karatasi imekunjwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Biskuti hazikuwepo. Karatasi ilikuwa na jina lake, mchoro wa duara uliowekewa alama upande mmoja, na maneno ya kumtaka aende hospitali ya wilayani Alhamisi ya wiki iliyofuata kwa matibabu ya joto. Nikaenda nayo jikoni, ambako alikuwa anamenya ndizi.

"Hii nini?"

"Rudisha ulipoitoa."

"Mama, hii nini?"

Akaweka kisu chini. Akanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani: haijawa saratani. Kuna mahali pameanza kubadilika. Pakiachwa, miaka inavyokwenda panaweza kugeuka saratani yenyewe. Pakitibiwa sasa, basi. Wana kifaa cha joto, wanagusa pale palipobadilika, panakufa, panaota pengine papya. Baba yuko visiwani kwenye dagaa, asiambiwe kwa simu, akirudi atamwambia mwenyewe. Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo siku tatu zote.

"Wewe si unasoma sayansi. Wanaunguza?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sijui. Badala yake nikasema, kwa furaha kabisa, "Si kuunguza, mama. Ni joto tu. Kama lile shimo la ndizi. Unatia joto ndani, unafunika, linafanya kazi yake lenyewe."

"Shimo la nani?"

"Kama la baba mkubwa."

Mama aliniangalia muda mrefu. Alikuwa anakumbuka, na mimi nikakumbuka pia, ila nilikuwa nimeshasema.

Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa, lakini si wote wanatoka kwetu. Ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, haziivi zenyewe kwa wakati unaoutaka. Unachimba shimo, unachoma majani makavu ya migomba humo mpaka kuta zipate moto, unazoa majivu na makaa yote, unatandika majani mabichi, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo. Siku nne, tano, hivi. Katikati hapo hufunui kuchungulia, maana ukifunua joto linatoka na ndizi zinadumaa. Unaamini tu. Baba mkubwa anaamini kuliko sisi wote, na Desemba iliyotangulia, kwa ajili ya harusi ya jirani na kwa haraka yake, hakuzoa makaa vizuri. Siku ya kufukua tulikusanyika na mitungi. Ndizi za juu zilikuwa kijani kama zilivyoingia. Za chini zilikuwa zimeiva kwa maana ya kupikwa, nyeusi, zinanata, zinanuka kama kiatu kilichoanguka jikoni. Harusi ikanywa soda. Mimi ndiye niliyemwita baba mkubwa "mpishi mkuu" mpaka Pasaka.

"Baba mkubwa wako anachimba mashimo tangu sijaolewa," mama akasema, "na hakujua kuna nini mle ndani mpaka alipofukua."

"Ndiyo, lakini..."

"Hao watajuaje joto limefika kiasi gani ndani ya mtu? Watanifukua?"

Nikaokota kisu chake nikaanza kumenya ndizi. Wanaonijua wanaelewa kwamba mimi kumenya ndizi bila kuombwa ni tukio la kuandikwa ukutani.

Alhamisi ilipofika, mama aliamka mapema, akavaa khanga za shamba, akaenda kupura maharage. Nilimfuata. Nikamwambia maharage hayana tarehe ya miadi. Akasema hata mimi sina tarehe ya kunyamaza. Mchana muuguzi alipiga simu, akampa siku nyingine, wiki tano mbele. Mama akajibu "Nitaona, waitu" kwa adabu zote. Nyumbani kwetu "nitaona" ni hapana iliyovaa nguo za kanisani.

Shule zikafunguliwa, nikarudi Bukoba. Ningependa kusema nilikuwa nasali. Nilikuwa nahesabu wiki. Mwanamke anayepika sufuria nzima ya ndizi na maharage bila kufunua jani hata mara moja, anayejua zimeiva kwa kusikiliza tu, alikuwa amekataa kupona kwa sababu ya mfano wangu.

Mtu pekee niliyeona anaweza kunijibu ni mwalimu wetu wa fizikia, ambaye sisi tunamwita madam tu. Tatizo ni historia yangu. Mimi ndiye niliyesimama mstarini nikatangaza, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kwamba ugali wa siku hiyo umeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Darasa zima la kidato cha kwanza lilirudisha sahani. Kwa hiyo nilipobaki darasani baada ya kipindi na kumuuliza madam inawezekanaje kujua joto la ndani ya mtu bila kumfungua, hakunijibu. Alikwenda mlangoni akachungulia nje, kisha nyuma ya kabati.

"Wenzako wamejificha wapi?"

"Niko peke yangu, madam."

"Wanarekodi?"

"Madam, ni mama yangu."

Sijui nililitamka vipi. Alivuta kiti akakaa, akaniambia nikae, nikamweleza yote pamoja na shimo. Kwenye ndizi zilizopikwa akauma mdomo, lakini hakucheka.

"Mama yako ameuliza swali zuri kuliko yote uliyowahi kuniuliza wewe," akasema. "Kuna watu wanaumiza vichwa duniani kwa swali hilohilo."

Akachukua chaki. Uvimbe wa saratani, alisema, ukipashwa joto kupita la mwili, kama la mtu mwenye homa kali sana na zaidi kidogo, seli zake zinadhoofika na kufa. Ugumu uko kwenye kipimo. Joto likizidi linaharibu na nyama nzima ya jirani. Likipungua, uvimbe unakaa tu unaota moto. Na kama uvimbe uko ndani kabisa, kwenye ini kwa mfano, huwezi kumchomeka mgonjwa vipimajoto kila upande kama nungunungu. Hapo watafiti wakafikiria sumaku. Wanatengeneza chembe za chuma ndogo mno, wenyewe wanaziita chembe za nano, hata ukizipanga mamia kwa mamia bega kwa bega hazimalizi unene wa unywele mmoja. Wanaziingiza kwenye uvimbe. Nje ya mwili wanaweka koili yenye usumaku unaogeuka-geuka, na chembe zinageuka nao.

"Zikiwa na baridi," madam akasema, "zinageuka kwa utii, kama nyinyi mstarini mkuu wa shule akiwepo. Zikipata joto zinaanza kuhangaika zenyewe. Utii unapungua. Ishara inayorudi nje inabadilika, na kompyuta inausoma mgeuko ule na kukwambia pale ndani pamefika nyuzi ngapi."

"Kwa hiyo zinapiga kelele kama sisi mkuu akiondoka."

"Kwa mara ya kwanza mfano wako una akili."

Nikawa tayari nimeshika begi. Akaniita. Akaniambia nisikilize vizuri: haya bado ni mambo ya maabara na majaribio, nisije nikaenda kumwambia mama yangu yapo Muleba. Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Naliweka hapa wazi ili mtu asije akamlaumu madam.

Ijumaa ile nilifungua redio kubwa ya mama mdogo iliyokufa, nikatoa ile sumaku nyeusi ya duara iliyoko nyuma ya spika. Kuhusu kama redio ilikuwa imekufa, mimi na mama mdogo tuna maoni tofauti mpaka leo. Jumamosi asubuhi nikapanda gari kwenda nyumbani nikiwa na sumaku na boksi la pini za ofisi.

Mama alikuwa jikoni. Nikamwonyesha. Sumaku ikiwa ya baridi, nilining'iniza pini mojamoja pembeni yake mpaka ikakataa: kumi na nne. Nikaitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yanachemka.

"Hiyo ni sufuria ya maharage," mama akasema.

"Sayansi haina sufuria, mama."

"Sufuria ina mwenyewe."

Nikaitoa kwa mwiko baada ya muda, nikaifuta haraka, nikaning'iniza tena. Pini kumi na moja. Ya kumi na mbili ikadondoka. Nikajaribu tena, ikadondoka. Tukaiacha ipoe juu ya jani la mgomba tukinywa chai, tukarudia: kumi na nne. Mama akaichukua kutoka mkononi mwangu na kurudia yeye mwenyewe, majini, nje, pini, kupoa, pini, bila kusema neno, kama anayekagua chenji. Mara ya tatu alinikataza kusema idadi. Alihesabu kwa Kihaya.

"Kwa hiyo," akasema mwishoni, "mtu aliyeko nje ya nyumba, akiambiwa pini zimekuwa kumi na moja, anajua maji yamechemka. Na mkono wake hajautia."

"Ndiyo hivyo. Sasa kuna chembe ndogo kama vumbi, ndogo kuliko vumbi, za sumaku. Zinawekwa ndani pale penye ugonjwa. Joto likipanda, zenyewe zinasema. Mashine inasikia. Wanapunguza moto kabla hakijaungua kitu."

Akaitazama ile sumaku. Nje kuku walikuwa wanagombania maganda. Halafu akauliza, taratibu, na macho yake yakiwa yamelegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu ile Jumapili:

"Na hospitali yetu wanazo?"

Nimewahi kudanganya mambo mengi. Kwamba nimeoga, kwamba nimekula, kwamba Jumatatu ni sikukuu. Uongo wangu wote una mkia, mtu akiuangalia vizuri anauona, anacheka, tunaendelea na maisha. Huu sikuuwekea mkia.

"Wanazo," nikasema.

"Bojo," mama akasema, kama tusemavyo kwetu moyo ukilainika, na akapumua. "Basi nitakwenda."

Siku ya miadi niliomba ruhusa shule. Madam aliniandikia barua, akanitazama akaniuliza kama nilimweleza mama kama alivyonieleza yeye. Nikasema nimemweleza vizuri sana. Hilo nalo lilikuwa kweli, ukilipitisha haraka.

Tulitoka Ijumbi mapema na bodaboda mbili, mama mbele na kitenge chake cha Pasaka, mimi nyuma nikila vumbi lake. Nilijipangia kumwambia tukifika darajani. Daraja likapita. Nikasema tukifika lami. Lami ikaja na bodaboda wangu akaongeza mwendo. Nikasema getini. Getini mama alinishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa darasa la pili, na kiganja chake kilikuwa kimelowa. Tukaingia.

Kwenye chumba cha kliniki muuguzi alitukaribisha tukae. Dada mmoja mnene, mchangamfu, mdogo kuliko mama. Akamweleza mama atakavyolala, atakavyosikia, kwamba hakuna kuchanwa wala kulazwa, kwamba tumbo la chini linaweza kukaza kama siku za mwezi. Mama akaitikia kila kitu. Kisha akakaa vizuri, akakunja mikono juu ya mkoba.

"Na zile chembe za sumaku, mwanangu, mtaniwekea kabla au baadaye?"

Muuguzi akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesubiri aambiwe mara ya pili.

"Chembe gani, mama?"

"Za sumaku. Za kupima joto ndani. Binti yangu amenieleza."

Macho mawili na mengine mawili yakahamia kwangu. Niliwahi kusimama mbele ya shule nzima nikiwa nimefungwa kengele shingoni kwa adhabu, na sikuona aibu yoyote, niliipiga. Mle ndani nilitaka kuingia chini ya kile kitanda.

"Hawana," nikasema. "Hapa hawana, mama. Zipo kweli, sijazitunga, madam amenifundisha. Lakini bado ziko kwa watafiti. Aliniambia nisikwambie ziko hapa. Nikakwambia."

Mama hakugeuka.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huji."

Niliyasoma mabango yote ya ukutani: kunawa mikono, kunyonyesha, chanjo. Nilijua akinyanyuka na ule mkoba hatarudi tena, si kwa muuguzi, si kwa mchungaji, si kwa mtu. Na palipokuwa peupe pangeendelea na shughuli zake.

Hakunyanyuka. Akamgeukia muuguzi.

"Huyu ni muongo tangu kuzaliwa. Niambie wewe. Bila hizo chembe, utajuaje kama unaniunguza?"

Yule dada angeweza kusema usijali mama, kama wanavyosema. Alikwenda kabatini akarudi na kifaa chenyewe. Kilikuwa kama tochi yenye shingo ndefu nyembamba, na mwisho wa shingo kitufe cha chuma kidogo kama sarafu. Akakiweka mbele ya mama.

"Joto liko hapa tu, kwenye hiki kichwa. Na kipimajoto kimo humohumo ndani ya kichwa. Kikifika joto lake kinajizuia, hakipandi zaidi. Hakiingii ndani sana, kinaishia juujuu, unene kama wa ganda la ndizi hivi, maana ugonjwa wenyewe uko juujuu. Zile chembe anazosema binti, nadhani ni za uvimbe uliojificha, pasipofikika. Wewe kwako napaona. Naweka taa, napaka siki, napaona kwa macho yangu, nagusa palepale."

"Unapaona?"

"Kama ninavyokuona."

"Muda wote?"

"Muda wote, mama. Sifumbi hata jicho."

Mama akafikiri. "Kumbe hamfukii," akasema.

Muuguzi hakuelewa, akasema kwa heshima kwamba hapana, hawafukii. Mimi nilielewa na sikuthubutu kutafsiri.

"Kiwashe," mama akasema.

Akakiwasha hewani. Taa ndogo ikawaka, baada ya kitambo kikalia mlio, akasema sasa kimefika, muda unahesabiwa. Kikalia tena, akasema muda umekwisha, kinajizima. Haikufika dakika.

"Rudia."

Akarudia. Mama alikuwa anatikisa midomo, anahesabu.

"Rudia tena."

Nje kulikuwa na foleni, na yule dada alirudia mara ya tatu kama vile siku nzima alikuwa hana kazi nyingine. Mara zote tatu mama alifikia hesabu ileile. Akafungua mkoba, akatoa leso, akajifuta viganja kimoja baada ya kingine.

"Huyu atoke," akasema. "Mimi nabaki."

Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la nje, mlango ukafungwa. Kulikuwa na mambo mengi ya kuchekesha pale barazani, mzee mmoja alikuwa anabishana na mizani, na sikutaka kucheka lolote. Niliusikia mlio wa kwanza kupitia mlangoni. Nikahesabu kwa Kihaya, sijui kwa nini, huwa nahesabu kwa Kiswahili. Nikausikia mlio wa pili. Halafu ukalia tena wa kuanza, nikahesabu upya, ukalia wa kumaliza. Baadaye nikaambiwa ni kawaida, wakati mwingine wanagusa mara mbili paenee pote. Pale benchini hakuna aliyeniambia.

Mlango ukafunguliwa. Mama alitoka mwenyewe, polepole, kiganja kimoja kimelala chini ya kitovu.

"Inauma?"

"Inakaza."

"Basi?"

"Basi," akasema, na uso wake ulikuwa umefunguka wote, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani.

Muuguzi alitufuata na maelekezo. Asibebe mizigo wiki hizi, atatokwa na majimaji asishtuke, akiona homa au damu nyingi arudi haraka, na wiki sita asikutane na mume. Mama akasema mume yuko visiwani. Muuguzi akasema basi akae hukohuko kwanza. Mimi nikatazama dari kwa bidii, na nadhani hiyo ndiyo nafasi kubwa ya utani niliyowahi kuiacha ipite maishani.

Tulikwenda kibanda cha chai mbele ya geti. Mama aliagiza chapati mbili, akala zote, akaagiza nyingine. Tangu Jumapili ile ya siki sikuwa nimemwona akila mpaka mwisho. Nilikuwa nasubiri nipigwe au nisemwe, na hakuna kilichokuwa kinakuja, na hiyo ndiyo adhabu mbaya kwa mtu wa aina yangu.

"Ungeniambia ukweli," akasema hatimaye, akiwa anakunja chapati ya tatu, "ningekuja?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui." Akatafuna. "Ndiyo maana sijakupiga."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nilipokuwa nimelala mle, nilikuwa namwamini yule dada. Wewe nilikuwa nimekutoa nje. Umeelewa? Siku ukiwa na jambo la kweli nitakuwa nakutoa nje kwanza."

Nikasema nimeelewa. Ilinichoma, niseme ukweli, mahali ambapo mwenyewe nilikuwa sipaoni. Halafu akanisukumia chai yake iliyobaki, akaniuliza kama pini zile zinaweza kufungia sare ya kwaya iliyoachia, na tukaongea habari za sare mpaka bodaboda zilipokuja.

Jumatatu nilimweleza madam yote, pamoja na sehemu yangu. Alinifanya niandike jinsi chembe zile zinavyofanya kazi, kurasa mbili, na ukurasa wa tatu niandike ni nini ambacho hazifanyi na wapi hazipo. Ukurasa wa tatu ulinichukua muda kuliko ile miwili. Aliusoma amesimama, akasahihisha neno moja, akaniambia naweza kwenda.

Waliagiza mama arudi baada ya mwaka kupimwa tena, kuona kama pamepona kweli. Mwaka ule mimi nilikuwa nimeingia kidato cha nne, na siku ya kipimo ilikuwa ya mitihani ya majaribio, sikupata ruhusa. Alikwenda peke yake, na hakuhitaji kusindikizwa wala kuelezwa chochote. Nilitoka kwenye mtihani wa kemia sikumbuki nilijibu nini, nikaenda nyumbani Bilele, nikavua sare, nikaanza kuifua ili mikono iwe na kazi. Simu ya mama mdogo ilikuwa juu ya dirisha. Yeye alikuwa bafuni. Ilipoita nilijifutia povu kwenye gauni.

"Hakuna kitu," mama akasema.

"Hakuna kitu kivipi?"

"Amepaka siki, amesubiri, ameweka taa. Hakuna peupe. Pako kama pa msichana, amesema."

"Amesema yuleyule?"

"Yuleyule. Nimemwambia aangalie tena, ameangalia tena." Nyuma yake nilisikia mtu anaita jina kwenye foleni. "Haya, salio linakwisha. Mtihani umefanyaje?"

"Vizuri."

"Muongo," akasema, na akakata.

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, povu linakauka mikononi, na kilichonitoka sijui kilikuwa kicheko au nini, ila kilikuwa na maji mengi. Mama mdogo alitoka bafuni na taulo, akanikuta hivyo, simu mkononi, akasimama palepale.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna," nikamwambia. "Mama mdogo, hakuna mtu aliyekufa."